Kalamu ya waya au ya ncha nene, steini ya mafuta au ya maji: uchague nini kwa kisanduku chako cha kwanza

Mtu akitaka kuanza kuchoma michoro kwenye visanduku vya mbao, swali lake la kwanza huwa ni kalamu ipi ya kuchomea anunue. Hilo lingefaa kuwa la tatu. La kwanza ni rangi: kisanduku kikiisha, kibaki na weupe wa mbao yenyewe, kiwe cha asali, cha kahawia iliyokolea au cheusi? Steini, yaani rangi ya kutia mbao, hupakwa juu ya mchoro uliokwisha kuchomwa, na kadiri inavyokolea ndivyo inavyomeza vivuli. Mchoro wenye ngazi tano za kahawia, kuanzia rangi ya chai ya maziwa hadi ya mkaa, ukipakwa steini nzito mara nyingi hubaki na ngazi mbili tu: nyeusi na isiyo nyeusi. Saa zote zilizotumika kutia vivuli kwenye manyoya ya ndege zimekwenda bure.

Kwa hiyo ulinganisho huu unaanzia mwisho: steini kwanza, kisha mbao, kisha kalamu.

Steini: inayofunika na inayozama

Steini za makopo ni za koo mbili. Ukoo wa kwanza una chembe za rangi, laini kama udongo uliosagwa na kuchujwa, ndani ya mafuta au maji pamoja na kitu cha kuzigandisha. Chembe hizo hazizami mbali. Hujaa kwenye vitundu vya mbao na kwenye mikwaruzo ya msasa, ndiyo maana mkwaruzo uliosahaulika hujitokeza kama uzi mweusi dakika ile ile steini inapopita. Ukoo wa pili ni rangi iliyoyeyuka kabisa katika maji au spiriti. Hiyo huzama kati ya nyuzi, mishipa ya mbao inabaki wazi, lakini hupauka upesi zaidi ikikaa juani.

Kwenye mchoro wa moto tofauti hii ni kubwa. Chembe zikipita juu ya kivuli chepesi hukifunika kama vumbi juu ya meza. Rangi ya kuyeyuka hutia rangi mbao na kivuli kwa pamoja, kwa hiyo kivuli bado kinasomeka. Anayechora sura za watu au wanyama wenye vivuli vingi aifikirie hii ya pili. Anayechora herufi, maua ya mistari minene au nakshi za pembe tatu na miraba, ya chembe inamtosha, na inampa muda wa kurekebisha.

| | Steini ya mafuta (chembe) | Steini ya maji (chembe) | Steini ya jeli | Rangi ya kuyeyusha kwa spiriti |
|---|---|---|---|---|
| Muda kabla ya kuifuta | dakika 5 hadi 15 | dakika 1 hadi 3 | dakika chache | hakuna. Inakauka papo hapo |
| Kukauka | saa 12 hadi 24 | saa 1 hadi 3 | saa 12 hadi 24 au zaidi | dakika chache |
| Nyuzi za mbao | hazisimami | husimama, hukwaruza | hazisimami | husimama kidogo sana |
| Mabaka kwenye msonobari | mengi | mengi | machache | mengi |
| Kosa la mwanafunzi | kuiacha igande kabla ya kufuta | kupaka sehemu kubwa mno kwa mara moja | kuiacha ijae kwenye mistari iliyochomwa | alama pale mpako mmoja unapopanda mwingine |

Kwa kisanduku cha kwanza steini ya mafuta ya rangi nyepesi ndiyo chaguo la busara, kwa sababu moja tu: muda. Kisanduku kina pande sita, kingo nyingi na pembe za ndani. Ukitumia ya maji, unapofika upande wa tatu ule wa kwanza umeshakauka na una michirizi ya brashi. Anayelazimika kutumia ya maji, pengine kwa sababu anafanya kazi chumbani na harufu ya mafuta haivumiliki, apake upande mmoja, aufute, ndipo aende mwingine.

Jeli ni hadithi nyingine. Unene wake, kama mtindi, huizuia kuzama bila mpangilio, kwa hiyo kwenye mbao zinazotoa mabaka ndiyo bora kupita zote. Lakini unene huo huo huifanya ijae kwenye mifereji ya mistari iliyochomwa. Mstari mweusi ukijaa jeli ya kahawia unapoteza ukali wake. Dawa ni brashi kavu yenye nywele fupi: mara baada ya kufuta kwa kitambaa, piga piga kwenye mistari uitoe steini iliyojificha.

Kuna pia ile ya siki na chuma, ambayo wengi huipenda kwa kuwa inatengenezwa jikoni. Nyuzi za chuma za kusugulia sufuria huoshwa kwa sabuni kuondoa mafuta, hutumbukizwa katika mililita 250 za siki nyeupe, na kuachwa siku moja hadi tatu kwenye chupa isiyofungwa kwa nguvu, maana gesi ya haidrojeni hutoka humo. Maji yakichujwa na kupakwa, chuma huungana na tanini ya mbao (kitu kile kile kinachoipa chai ukali wake) na mbao hugeuka kijivu hadi nyeusi ndani ya dakika chache. Mwaloni una tanini nyingi, unakuwa mweusi. Lindeni, mbao nyeupe na laini, karibu haina tanini, inabaki kijivu hafifu mpaka ipakwe chai nzito kwanza. Hutoa weusi mzuri sana kwa kisanduku kisicho na mchoro. Juu ya mchoro inaua kila kitu, kwa sababu mandhari inakuwa nyeusi sawa na mistari. Itumie kwenye kifuniko pekee au kwenye pande zisizochorwa.

Anayetaka kisanduku cheusi au cha kahawia nzito chenye picha angavu katikati ana njia moja iliyo salama. Choma picha, ipake shelaki nyembamba (vanishi inayoyeyushwa kwa spiriti) mara mbili ndani ya mpaka wa picha tu, iache ikauke, kisha paka steini ya mafuta au jeli kuzunguka. Shelaki huizuia steini isizame, na iliyopita mpaka hufutika kwa kitambaa. Usifanye hivyo na rangi ya spiriti. Spiriti ndiyo inayoyeyusha shelaki, na kinga yako yote itaondoka na brashi.

Swali linalorudi kila mara: kwa nini isiwe steini kwanza halafu moto? Kwa sababu moto utachoma steini pamoja na mbao. Moshi wake si wa kuvuta, ncha inaganda uchafu, na mstari unatoka mchafu wenye kingo zilizoyeyuka. Juu ya vanishi au rangi ya mafuta ni vibaya zaidi. Kisanduku cha zamani kilichopakwa kitu usichokijua kikwanguliwe mpaka mbao tupu au kiachwe.

Mbao: ugumu haukuambii kila kitu

Kipimo cha Janka huonyesha nguvu inayotakiwa kukizamisha nusu kigololi cha chuma cha milimita 11.3 kwenye mbao. Kwa pauni, msonobari mweupe wa Amerika Kaskazini una takriban 380, lindeni 410, poplari 540, mwaloni mwekundu 1,290. Mtu akisoma namba hizo peke yake atachagua msonobari, kwa kuwa ndio laini kuliko zote. Atajuta. Kila pete ya msonobari ina ukanda laini uliokua haraka na ukanda mgumu uliokua polepole. Ncha ikivuka kutoka laini kwenda ngumu mstari hukatika: hapa umezama na kuwa mweusi, pale umepanda na kuwa wa manjano. Utomvu nao huchemka, hutoa moshi mzito na kuganda kwenye ncha.

Lindeni ni ngumu kidogo kuliko msonobari huo, lakini usawa wake ni wa ajabu. Mishipa haionekani kwa urahisi, ncha husafiri mwendo mmoja pande zote, na weupe wake huacha vivuli vyepesi vionekane. Hasara yake ni kwamba haina sura. Bila steini inaonekana kama boksi la karatasi. Poplari inachomeka karibu sawa, ila ina michirizi ya kijani inayoleta shida chini ya steini nyepesi.

Mwaloni una vitundu vikubwa vinavyovunja mistari myembamba, lakini hupokea steini ya chembe vizuri kupita karibu mbao zote. Msaji una mafuta yake ya asili. Futa kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kupaka chochote. Mkangazi hupendeza, ila wekundu wake tayari ni giza, hivyo choma kwa mistari ya kina tu na usijisumbue na vivuli.

Visanduku vingi vinavyouzwa vikiwa tayari vimetengenezwa kwa plaiwudi. Vinafaa kujifunzia, kwa sharti moja: tabaka la juu linaweza kuwa chini ya nusu milimita, na chini yake kuna gundi. Mstari wa kina ukilitoboa, ncha inaingia kwenye gundi, harufu inabadilika ghafla na mstari unapasuka kingo. Hapo moto uwe mdogo na mstari upitiwe mara mbili au tatu. MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, usiichome kabisa, kwa ajili ya gundi yake yenye formaldehidi, ambayo ni sumu. Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza nazo ziachwe, hasa za zamani zenye rangi ya kijani, kwa kuwa dawa hiyo ilikuwa na arseniki.

Kalamu tatu

Kalamu ya ncha nene ni fimbo yenye koili ndani na ncha ya shaba inayofungwa kwa skrubu. Umeme wa ukutani unaingia moja kwa moja, nguvu yake ni kama wati 20 hadi 30, na inahitaji dakika tano au zaidi kupata moto. Kalamu ya waya ina kisanduku cha kupunguza umeme hadi volti chache, na ncha yake ni waya wa nikeli na kromi uliokunjwa. Inapata moto kwa sekunde, inapoa kwa sekunde, na ina kitufe cha kuzungusha kupandisha na kushusha moto. Ya tatu ni chuma cha mafundi redio, kile cha kuyeyushia risasi, ambacho wengi tayari wanacho.

Tuanze na hicho cha mwisho kwa kuwa jibu lake ni fupi. Kinachoma, ndiyo. Lakini ncha iliyowahi kugusa risasi isitumike, maana madini ya risasi yatapashwa moto chini ya pua yako; nunua ncha mpya. Pia vidole vinakaa mbali na ncha, mara nyingi zaidi ya sentimita kumi, na kwa umbali huo hakuna mkono unaotulia. Kinafaa kwa nukta na kwa kujaza mandhari nyeusi. Kwa kuandika jina juu ya kifuniko, hapana.

Kati ya ncha nene na waya ndipo penye uamuzi. Ncha nene ina joto lililohifadhiwa ndani ya shaba. Ukivuta mstari mrefu, joto halishuki upesi, na ukitaka kugonga muhuri wa umbo fulani, ncha hizo ndizo zenye maumbo. Tatizo lake ni kwamba moto ni mmoja. Kivuli chepesi kinapatikana kwa kwenda haraka tu, na mkono mgeni haujajua kasi. Anayeinunua atafute yenye kitufe cha kurekebisha moto kwenye waya wake. Bila hicho mwezi wa kwanza utakuwa wa madoa.

Madoa hayo yana sababu moja: ncha kutulia mahali pamoja. Mstari unapoanza, ncha iwe tayari inatembea kabla haijagusa mbao, kama ndege inavyotua, na iondoke bado ikitembea. Usibonyeze. Mstari ukiwa mwepesi, punguza kasi au ongeza moto, wala si nguvu. Kubonyeza huzamisha ncha kwenye mkondo wa nyuzi na kuufuata, hata kama mchoro ulikuwa unakata kona.

Waya hupoa kila unapogusa mbao na kupata moto tena mara unapoinua. Kwa hiyo kwenye mistari mirefu mwanzo huwa mweusi kuliko mwisho, jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Tiba yake ni kuupitisha mstari kwa vipande vya sentimita mbili tatu, kila kimoja kikianza kidogo ndani ya kilichotangulia. Mengine yote ni faida: vidole viko karibu na ncha, moto unashushwa hadi kutoa rangi ya mchanga, na kubadilisha ncha hakuhitaji kusubiri saa nzima.

Ncha za shaba usizibadilishe zikiwa za moto. Shaba moto ni laini, na skrubu hukatikia ndani, kalamu imekwisha. Subiri ipoe, tumia koleo, na usikaze kupita kuhisi kwamba imegusa.

Hukumu: anayetaka herufi na nakshi za mistari kwenye visanduku vya zawadi aanze na ncha nene yenye kitufe cha moto. Anayejua tangu sasa kwamba anataka picha zenye vivuli asinunue mara mbili, achukue ya waya. Vyovyote vile ncha tatu zinatosha: ya kisu kwa mistari, ya duara kwa nukta na maandishi, ya kijiko kwa vivuli. Seti zenye ncha thelathini ni za kupendeza macho.

Kuna njia ya nne inayosambaa kwa video, ile ya kuchora matawi ya radi kwa transfoma ya oveni ya maikrowevu na maji ya chumvi. Transfoma hiyo hutoa karibu volti 2,000, na imeua watu wengi, mafundi wa umeme wakiwemo. Haina nafasi katika ulinganisho wowote.

Mvutano wa msasa

Moto hutaka mbao laini kama kioo. Steini ya chembe hutaka mbao yenye mikwaruzo midogo ya kushikilia. Ukifika msasa wa namba 400 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi) kalamu itateleza vizuri na steini itakataa kukolea. Ukiishia 120 steini itazama kupita kiasi, nayo mistari ya kalamu itatetemeka. Mapatano ni 220: anza 120, pita 180, maliza 220, daima kufuata nyuzi. Kisha pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, acha saa moja au mbili, pitisha 220 tena kwa mkono mwepesi. Nyuzi zilizosimama kwa maji zimekatwa sasa, hazitasimama tena sana baadaye.

Pembe za kisanduku ndizo husahaulika. Pale mbao zinapounganishwa, ncha za nyuzi zimetazama nje, na hunywa steini maradufu mpaka zinakuwa nyeusi. Zipige msasa hadi 320, hapo tu, ili zinywe kidogo. Kwa msonobari wote, pangusa kwanza shelaki nyembamba, gramu 60 kwa nusu lita ya spiriti, iache ikauke, pitisha 320 mara moja, ndipo steini. Kazi hii ije baada ya kuchoma, kwa kuwa shelaki nayo isichomwe. Gundi iliyotoka kwenye maungio nayo ikwanguliwe kwa wembe. Steini haiingii juu yake, na doa jeupe litabaki hapo milele.

Kunakili mchoro tumia karatasi ya grafiti, si ya kaboni. Grafiti hufutika kwa raba baada ya kuchoma. Kaboni ina nta na wino, haifutiki, na steini huisambaza.

Kisanduku si ubao bapa

Ng'oa bawaba na komeo kabla ya chochote, na uweke skrubu zake kwenye kikopo. Upande mfupi wa kisanduku hauna mahali pa kuegemeza mkono, kwa hiyo panga vitabu au vipande vya mbao pembeni hadi vifikie kimo sawa. Mkono unaoning'inia hauchori mstari ulionyooka.

Mchoro ukivuka mpaka wa kifuniko na mwili, funga kwa utepe wa karatasi wakati wa kunakili, kisha fungua na uchome kila sehemu peke yake. Anzia ukingoni ukivuta kwenda ndani. Ukifanya kinyume, ncha itaanguka kwenye ufa na kuacha tone jeusi pande zote mbili. Kosa la juu juu hukwanguliwa kwa wembe uliosimama wima. La kina halitoki, ligeuzwe jani.

Feni iwekwe ikivuta moshi kutoka kwako, si kupuliza juu ya kazi, kwa sababu upepo hupoza ncha ya waya. Ncha ikipata masizi, isugue kwenye brashi ya shaba ikiwa imezimwa. Masizi yakizidi joto halifiki, na mtu huongeza moto bila kujua tatizo ni uchafu.

Baada ya kuchoma, ondoa unga wa mkaa kwa brashi laini kavu. Usifute kwa kidole wala kitambaa kibichi. Mkaa utaingia kwenye nyuzi nyeupe na hautoki. Kabla ya kugusa kisanduku chenyewe, chukua kipande cha mbao ile ile, choma ngazi tano za kivuli, paka steini nusu yake. Ngazi zilizobaki kuonekana ndizo utakazotumia kwenye mchoro.

Mpako wa kwanza wa kinga ya mwisho upulizwe, kwani brashi huweza kuburuta mkaa uliobaki. Vanishi ya maji haina umanjano na hulinda vivuli vyepesi. Ya mafuta huongeza rangi ya asali, jambo jema juu ya kahawia na baya juu ya nyeupe. Juu ya steini ya mafuta, vanishi ya maji isubiri siku mbili hadi tatu. Ndani ya kisanduku usipake chochote cha mafuta: hewa haizunguki humo na harufu hukaa miezi. Shelaki au nta inatosha. Kifuniko kipakwe juu na chini, la sivyo upande mmoja utanyonya unyevu na mwingine hautanyonya, nacho kitapinda.

Vitambaa vilivyofuta steini ya mafuta, hasa yenye mafuta ya kitani, visirundikwe. Vikikauka hutoa joto, na vikiwa vimekunjwa joto hilo halina pa kutokea. Huwaka vyenyewe baada ya saa kadhaa bila kiberiti. Vitandazwe kimoja kimoja nje mpaka vikauke kabisa, au vizamishwe kwenye kopo la chuma lenye maji na kufungwa.